Maswali ya Wasomaji: Bolti Ikigoma, Okoa Tundu

Barua zilizotufikia kuhusu injini ndogo, yaani za pikipiki, pampu za maji, boti na misumeno ya mnyororo, zinarudia kilio kimoja: bolti haifunguki, imeliwa kichwa, au imekatikia ndani. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Kabla hujagusa spana, naomba ushike jambo moja. Bolti ni kitu cha kutupwa na kununuliwa kingine, lakini tundu lenye hesi, yaani ile mizunguko ambamo bolti hujikaza, ndani ya alumini ni sehemu ya injini yenyewe, na ukihatarisha tundu ili kuokoa bolti umekwisha kuingia hasara hata kabla ya kuwasha mashine.

Swali: *Shikamoo fundi. Mimi ni mwanagenzi katika gereji ya pikipiki hapa Ifakara. Skurubu za kava la klachi la pikipiki ya zamani aina ya Honda zimekataa kufunguka. Bisibisi ya nyota inapanda na kuteleza kila ninapoizungusha, na nyota za skurubu mbili zimeshakuwa mashimo ya mviringo. Mkubwa wangu wa kazi ananiambia nichukue tindo na nyundo. Je, nifanye hivyo?*

Jibu: Marahaba. Tindo ina nafasi yake, ila si ya kwanza, na huenda kosa halimo mkononi mwako bali katika bisibisi. Bisibisi nyingi za nyota zinazouzwa madukani zimechongwa kwa umbo la Phillips, lililopewa hataza nchini Marekani mwaka 1936, ambalo kingo zake zimelala kidogo, hivyo nguvu ya kuzungusha ikizidi, ncha hupanda na kutoka. Pikipiki za Kijapani za zamani zilifungwa kwa skurubu za kipimo cha Kijapani kiitwacho JIS. Nyota yake inafanana na ile nyingine kwa macho, lakini ncha ya Phillips haizami hadi chini yake, na kinachoshika ni kingo za juu peke yake. Tazama vizuri kichwa cha skurubu: mara nyingi utakuta kidoti kidogo kimoja kimepigwa pembeni mwa nyota, na hicho ndicho kitambulisho. Tafuta bisibisi ya JIS, au ukiikosa, saga kidogo ncha ya Phillips kwenye jiwe la kusagia mpaka izame kabisa.

Kwa skurubu ambazo hazijaharibika, simamisha bisibisi wima na uigonge kisogoni mara kadhaa kwa nyundo kabla ya kuzungusha. Mtikisiko huo huvunja mshikamano wa kutu na kuishindilia ncha ndani ya nyota. Bora zaidi ni bisibisi ya kugongwa, ile nzito ambayo ukiipiga nyundo hujizungusha kidogo huku ikisukuma chini. Gereji ya pikipiki isiyo nayo inajitesa bure.

Kwa zile mbili zilizokwisha kuliwa, paka ndani ya nyota unga wa kusagia valvu, ambao chembe zake huongeza mshiko, kisha jaribu tena kwa kugonga. Ikishindikana, sasa ndipo tindo: iweke kwenye ukingo wa kichwa, piga wima hadi upate alama ya kushika, kisha ilaze na upige kuelekea kushoto. Mimi binafsi hupendelea kutoboa kichwa kwa drili ya milimita 6 au 6.5 hadi kiachane na shingo. Wengi huiogopa njia hii bila sababu. Kichwa kikiondoka, kava hutoka, na kinachobaki ni kipande cha skurubu kilichochomoza kwa unene wa kava, kisicho na mkazo wowote tena, ambacho mara nyingi hugeuka kwa vaisigripu, ile koleo inayojifunga na kubana yenyewe, bila shida.

Unapozitoa, zichomeke skurubu zote kwenye kipande cha katoni chenye mchoro wa kava, kwa sababu urefu wake hutofautiana, na skurubu ndefu ikiingizwa kwenye tundu fupi inaweza kupasua kasha. Za kurudishia zinunue za kichwa cha pembe 6 na uzikaze kwa Nm 10 hivi (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza).

Swali: *Mpendwa mwandishi, ninatengeneza pikipiki za bodaboda mjini Nakuru. Bolti moja ya kushikia bomba la moshi, ile isiyo na kichwa tunayoiita stadi, imekatikia kwenye hedi ya silinda. Mteja hataki kununua hedi nyingine. Nianzie wapi?*

Jibu: Anza kwa kutazama, na usiwe na haraka ya kuchukua drili, kwa kuwa njia sahihi inategemea ni kiasi gani cha stadi kimebaki nje.

Kama zimebaki milimita kadhaa zenye hesi nzima, funga nati mbili juu yake, uzikaze moja dhidi ya nyingine hadi zishikane, kisha uzungushe ile ya ndani kuelekea kushoto. Kama hesi imekufa lakini kipande kipo, chonga pande mbili kwa tupa zipate kuwa bapa, ndipo ushike kwa vaisigripu. Vyote viwili vitafanya kazi tu ikiwa umetanguliza joto.

Joto ndilo dawa kuu hapa, na ni vyema kujua kwa nini, kwa maana asiyejua hulipeleka mahali pasipofaa. Alumini ikipashwa hutanuka takriban mara mbili ya chuma. Kwa hiyo tunapasha hedi kuzunguka tundu, wala si stadi, ili tundu litanuke na kukiachia chuma. Tofauti inayopatikana ni ndogo mno, sehemu ndogo sana ya milimita, lakini kutu iliyobana inahitaji kupasuliwa tu, haihitaji nafasi kubwa. Pasha kwa tochi ya gesi ukiizungusha bila kuituliza mahali pamoja, ukijaribu kwa tone la maji: likichemka na kuruka papo hapo, umevuka nyuzi 100, na ukiendelea kidogo umefika. Hatari iko hapa: alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi na haiwi nyekundu kama chuma kabla ya kuyeyuka. Anayesubiri kuona wekundu ataona hedi ikibonyea. Vilevile tanki la petroli liwe limeondolewa na kupelekwa mbali, si kufunikwa kwa kitambaa.

Hedi ikiwa ya moto, usivute kwa nguvu moja kuelekea kushoto. Kaza kidogo kwanza, legeza kidogo, kaza, legeza, ukiongeza mafuta ya kupenya kidogo kidogo baada ya joto kupungua. Sikiliza mkono wako. Stadi inayofunguka hutoa mlio mfupi mkavu, kisha hugeuka kwa ugumu ulio sawasawa. Stadi inayokaribia kukatika haina mlio. Utahisi spana inakwenda kwa ulaini kama vile unapinda kitu cha mpira, nayo haikai pale ulipoifikisha bali inarudi. Ukihisi hivyo, acha mara moja na urudi kwenye joto.

Ikiwa stadi imekatika usawa na uso wa hedi, mtafute fundi wa kuchomelea aliye makini. Anaweka nati iliyo kubwa kidogo kuliko stadi, mathalani ya milimita 8 juu ya stadi ya milimita 6, na kuijaza ndani kwa kuchomelea hadi ishikamane na stadi. Chuma cha kuchomelea hakishikani na alumini kwa urahisi, kwa hiyo hedi hubaki salama, na joto linalopita ndani ya stadi huivuruga kutu kuliko mafuta yoyote. Ngoja wekundu upotee, kisha zungusha nati huku ingali ya moto. Nati ikibanduka, rudieni tena bila kukata tamaa, kwani kila joto jipya linaongeza nafasi ya kufaulu. Kabla ya kuchomelea, ondoa betri na uchomoe CDI, yaani kisanduku cha kielektroniki kinachoongoza cheche za plagi, na kibanio cha waya wa ardhi kikae kwenye hedi yenyewe, karibu na kazi, ili umeme usipite kwenye beringi za karanki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni.

Kutoboa kunabaki kuwa njia ya mwisho, na hapo ndipo hedi nyingi huharibiwa. Chuma cha stadi ni kigumu kuliko alumini inayokizunguka, kwa hiyo drili isiyo katikati hukimbilia upande laini na kula tundu badala ya stadi. Sawazisha kwanza kilele cha stadi kwa tupa, tafuta kitovu, na upige sentapanchi, ile panchi yenye ncha kali ya kuwekea alama, kwa kugusa tu. Ukiona umekosea, isogeze kwa kuilaza kabla hujaipiga kwa nguvu. Nafasi hii ya kusahihisha hairudi baada ya drili kuanza. Njia nzuri ya kuielekeza drili ni kuifunga flanji ya bomba mahali pake kwa stadi iliyo nzima, na kuweka kwenye tundu la pili kijibomba cha chuma kinachopitisha drili ikiwa imenyooka. Anza na milimita 2.5, halafu 4. Ukipata drili zinazokata kuelekea kushoto, zitumie, kwa sababu mara nyingine kipande hunaswa na kutoka chenyewe katikati ya kazi. Kisichotoka, maliza kwa milimita 5 kwa hesi ya milimita 6, au 6.8 kwa hesi ya kawaida ya milimita 8. Ukiwa umekwenda katikati, kitakachobaki ni utepe mwembamba wa hesi ambao unaung'oa kwa ncha ya sindano ngumu, na kupitisha tapu, kifaa cha kukatia hesi ndani ya tundu, kwa kusafisha.

Ikiwa drili imeshakula upande mmoja, bado hedi haijafa. Panua tundu, kata hesi kubwa zaidi na uingize koili ya chuma ya aina ya Helicoil, ambayo kwa bolti ya milimita 6 hutaka tundu la milimita 6.3 hivi. Hesi ya koili ndani ya alumini ni imara kuliko ile ya kiwandani, na mimi siioni kuwa kazi ya viraka. Mwambie mteja wako hivyo. Unaporudisha, tumia stadi mpya na nati za shaba, maana hizo haziungani na chuma kwa kutu, na upake grisi ya shaba kidogo tu kwenye hesi.

Swali: *Kuna mafuta gani ya kulainisha kutu ambayo ni bora, kwa sisi tulio mbali na maduka makubwa? Huku kwetu Mbozi tunatumia mafuta ya taa, wengine mafuta ya breki.*

Jibu: Mafuta ya taa na dizeli hupenya vizuri ila hayalainishi sana, yachanganye na oili nyepesi. Mchanganyiko unaosifiwa na mafundi wengi ni nusu ATF, yaani mafuta ya gia za otomatiki, na nusu asetoni, ambao lazima utikiswe kila mara kwa kuwa vitu hivyo hujitenga, na usikaribishwe kabisa na moto. Mafuta ya breki yaacheni, yanababua rangi. Muda una nguvu kuliko chupa: paka jioni, gonga kichwa cha bolti mara chache ili mafuta yapate upenyo, paka tena, na ufungue kesho yake. Na mtumie soketi ya pembe 6, si ya pembe 12, kwani hiyo ya pili hushika kona za bolti peke yake na ndiyo inayozila.

Swali: *Assalam aleikum. Mimi ni mvuvi wa Kilwa Kivinje. Mashine yangu ya boti imeanza kupata joto, na fundi aliposhusha spana kwenye kifuniko cha themostati, bolti mbili za mwanzo zilikatika papo hapo kama vijiti. Zimebaki nyingine. Je, niziache?*

Jibu: Waaleikum salaam. Usiziache, maana mashine inayopata joto baharini haitakusubiri ufike pwani. Lakini mwambie fundi asiguse spana nyingine mpaka asome jibu hili.

Kilichozishika bolti hizo si kutu ya kawaida. Maji ya chumvi yakikaa kati ya bolti ya chuma na kasha la alumini, yanafanya betri ndogo, na katika betri hiyo alumini ndiyo inayoliwa. Ule unga mweupe mnaouona kuzunguka bolti ni alumini iliyooza. Unga huo unachukua nafasi kubwa kuliko alumini ulikotoka, kwa hiyo unajaza kila pengo la hesi na kuibana bolti pande zote. Hata bolti za stenlesi zinanaswa hivyo, tena pengine zaidi, kwa kuwa watu huziamini na kuzifunga kavu. Mafuta ya kupenya hupita katika unga huo kwa shida sana, ndiyo maana hata mkiyapaka hayasaidii sana.

Joto na mtikisiko ndivyo vinavyoupasua unga huo. Kwa kuwa karibu na hapo pana gasketi, mipira na rangi, anzeni kwa maji yanayochemka: mimineni birika zima taratibu juu ya kasha kuzunguka bolti, kisha gongeni kichwa cha bolti wima kwa panchi pana na nyundo ndogo, mapigo mengi madogo badala ya moja kubwa. Jaribuni kukaza kwa kiasi cha kuhisi tu, kisha legezeni. Isipotikisika, rudieni maji, na baada ya mara kadhaa ndipo mwende kwenye tochi ya gesi ndogo, kwa uangalifu nilioueleza katika jibu la Nakuru. Bolti ya milimita 6 haivumilii mpini mrefu. Fundi atumie mpini mfupi kabisa ili mkono wake uhisi kabla chuma hakijakatika.

Kwa zile mbili zilizokatika, kifuniko kikishatoka huenda patakuwa na kipande kilichochomoza. Pasheni kasha na mshike kwa vaisigripu. Kama zimekatikia ndani, msitoboe mkiwa ufukweni na drili ya mkono. Ipelekeni mashine gereji ambako itafungwa isicheze, maana nyuma ya matundu hayo kuna njia za maji ya kupoozea, na tundu lililotobolewa vibaya litavujisha.

Mkifunga tena, kwangueni unga wote kwenye hesi, na kila bolti ipakwe grisi ya baharini isiyosafishwa na maji, kwenye hesi na pia chini ya kichwa. Kila mwaka zilegezeni bolti zote za namna hii na kuzirudisha na grisi mpya, hata kama hakuna kinachotengenezwa. Angalieni pia vile vipande vya zinki vilivyofungwa kwenye mguu wa mashine. Vimewekwa viliwe badala ya alumini. Naona watu wengi wakivipaka rangi ili vipendeze, na kipande kilichopakwa rangi hakikingi chochote.

Swali: *Nilinunua seti ya vitoleo, vile vya kuchomeka kwenye bolti iliyotobolewa na kuzungusha kushoto. Kimoja kimekatikia ndani ya bolti kwenye ganda la alumini la pampu ya kumwagilia shamba, na drili haikiingii hata kidogo. Kuna dawa? Msomaji, Same.*

Jibu: Drili haiingii kwa sababu kitoleo kimekaushwa kwa moto kiwandani hadi kikawa kigumu kuliko drili yenyewe, na ugumu huo ndio uliokifanya kivunjike badala ya kupinda. Hii ndiyo sababu sikushauri kutumia kitoleo kwenye bolti ndogo iliyoganda: ikiwa nguvu ya mkono ilitosha kuikata bolti nzima, kitoleo chembamba kuliko bolti hiyo hakitaweza kuizungusha. Kinafaa kwa bolti iliyokatika kwa bahati mbaya ikiwa imelegea.

Dawa ipo, na inauzwa sokoni. Ni shabu, lile jiwe jeupe linalotumika kusafishia maji na kupaka baada ya kunyoa ndevu. Mmumunyo mzito wa shabu ukiwa wa moto hukila chuma polepole na kuiacha alumini. Ondoa kila kitu cha chuma na cha mpira kwenye ganda, lizamishe katika sufuria ya alumini au ya udongo, wala si ya chuma, na uweke moto mdogo usiofikisha mchemko mkali. Tundu lielekee juu ili mapovu yatoke. Utaona vipovu vidogo vikipanda kutoka kwenye kipande kilichokwama. Vikikoma, badilisha mmumunyo. Kazi hii huchukua saa nyingi, pengine siku, na inafanyika nje, penye hewa. Chuma hugeuka kuwa tope jeusi ambalo unalitoa kwa ncha.

Usijaribu hivyo kwa hedi ya silinda wala bloku la injini, kwa kuwa viti vya valvu na silinda yenyewe ni vya chuma na vitaliwa pamoja. Kwa vipande hivyo tafuta karakana yenye mashine ya kukata kwa cheche za umeme.

Swali: *Fundi, nifundishe kufungua klachi ya msumeno wa mnyororo. Nimeweka bomba refu kwenye spana na bado haitoki. Msomaji, Mafinga.*

Jibu: Ondoa hilo bomba, kwa sababu unaikaza. Klachi za misumeno ya mnyororo hufungwa kwa hesi ya kushoto, hivyo hufunguka kwa kuzungushwa kulia, kama mishale ya saa inavyokwenda. Nyingi zimechorwa mshale na neno OFF usoni, ila hufichwa na vumbi la mbao, basi futa kwanza. Nati ya kisu cha mashine ya kufyekea nyasi pia huwa hivyo.

Ili karanki isizunguke, usichomeke bisibisi kwenye mapezi ya flaiwili, lile gurudumu linalozunguka pamoja na karanki, yatavunjika. Toa plagi, zungusha karanki taratibu hadi pistoni ipande na kulipita tundu la moshi, kisha ingiza kamba laini kwenye tundu la plagi, ukiacha mkia mrefu nje. Pistoni isipokuwa imelipita tundu hilo, kamba itaingia humo na kukatwa. Pistoni itaibana kamba juu na kusimama bila kuumia, nawe utaifungua klachi kwa mipigo mifupi ya spana. Unapoirudisha, izungushe kwa mkono kuelekea kushoto hadi ikae, kisha uikaze kwa kiasi. Injini ikianza kufanya kazi itaikaza yenyewe zaidi.